Msitupandishe kwa ngazi ya nje: barua ya wazi kwa wazee wa kanisa letu, Lexington, Kentucky

Wazee wangu, Baba Mchungaji na Mama Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe.

Jumapili iliyopita, matangazo yalipokwisha, katibu alitusomea karatasi ya kurasa nne iliyotoka kwa lile kanisa kubwa la Wamarekani linalotaka tuwe tawi lake. Aliisoma kwa Kiingereza, akatafsiri mbiombio, kisha tukaambiwa tuombe kwa wiki mbili halafu tupige kura. Niliomba nakala, nikapewa. Nimeisoma mara tatu kwenye zamu ya usiku, wazee ninaowauguza wakiwa wamelala. Siku ile nilinyoosha mkono nikaambiwa muda umekwisha, ndiyo maana naandika hadharani. Nasikia pia kwamba makanisa ya Waswahili ya miji mingine ya Marekani yanaletewa karatasi za namna hii. Basi nao wasome.

Kwa msomaji asiyetufahamu: tuko kama tisini. Wengi wametoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, Wakongo wa Fizi na Uvira waliokaa kambini hadi watoto wao wakazaa humo humo. Wapo Warundi, wapo Wakenya wachache, na sisi Watanzania tunaoenea kwenye gari moja. Kwa miaka saba tumekutana saa nane mchana kwenye ukumbi wa nyuma wa kanisa la zamani la Wazungu, ambao wao wenyewe wamebaki thelathini hivi, karibu wote wenye mvi. Kodi yetu ni kukata nyasi na kuchangia gesi ya kupashia joto. Paa linavuja. Mvua ikinyesha tunaweka beseni kando ya piano. Beseni hilo nalijua, wazee wangu. Mara nyingi mimi ndiye ninayelimwaga.

Sasa tumeahidiwa jengo lisilovuja, maegesho, vyumba vya watoto, basi dogo la kubebea watu, na mshahara wa mchungaji, ambaye mpaka leo anapanga maboksi ghalani usiku ndipo aje kutuhubiria mchana. Nani atadharau hayo? Kwa upande wetu, tutakuwa tawi. Jina litabadilika. Mahubiri yatakuja kwa skrini kutoka makao makuu, tafsiri ya Kiswahili tutaisikia masikioni. Ibada itakuwa dakika sabini. Ushuhuda utarekodiwa mapema, usizidi dakika tatu, ukaguliwe kwanza. Watoto walio chini ya miaka kumi na miwili watakwenda kwenye sehemu yao tangu wimbo wa kwanza hadi baraka. Sadaka itatolewa kwa simu. Na ninyi, wazee wangu, mtaitwa timu ya ushauri. Bajeti, mali na uchaguzi wa mhubiri vitabaki kwa bodi ya makao makuu. Sentensi hiyo iko ukurasa wa tatu, aya ya pili kutoka chini. Jumapili haikutafsiriwa.

Msidhani nazungumza kama mtu aliyechungulia dirishani. Nilipofika nchi hii nilisali miaka miwili kwenye kanisa la namna hiyo, katika jimbo jingine. Sikuwakuta watu wabaya. Vijana wenye vizibao vya njano walinipungia mkono pale maegesho, na mimi wakati ule nilikuwa naweza kumaliza wiki nzima pasipo mtu kunipungia mkono. Kahawa ya bure. Muziki unaotikisa kifua. Taa zinazimwa, moshi unatoka jukwaani, giza linakufunika, unaweza kulia bila aibu. Nilililia giza lile sana, nikaona ni faraja. Ilinichukua muda kutambua kwamba katika giza lile hata mimi sikuwa namwona mtu.

Mama yangu alifariki Karagwe mwezi wa Novemba. Sikuwa na hati za kuniwezesha kusafiri na kurudi. Jumapili ile kijana wa mlangoni aliniuliza hali yangu, nikamwambia nimefiwa na mama. Akasikitika kweli, nilimwona usoni, akanipa kadi yenye kisanduku cha hitaji la maombi. Nikaijaza. Jumanne nikapata baruapepe yenye jina la mchungaji mkuu, ikinishukuru kwa kutembelea kanisa lao na kunikaribisha kwenye darasa la wageni. Miaka miwili! Yule kijana simlaumu. Nyuma yangu walikuwa watu arobaini wakisubiri kusalimiwa.

Kabla ya mwezi kwisha nilihamia hapa Lexington kufuata kazi. Siku moja, kwenye nyumba ya kufulia nguo, mama mmoja wa Fizi aliona uso wangu akaniuliza, dada, una nini? Nikamwambia. Jioni yake walikuja watu kumi na mmoja nyumbani kwangu, siwajui hata jina, na sufuria ya ugali na sombe, yaani kisamvu. Wakakaa chini sakafuni hadi saa sita usiku. Hakuna aliyehubiri. Walikaa msiba. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye ukumbi wenu wenye beseni.

Sasa niseme lililonileta. Jengo silikatai, taa sizikatai, hata moshi wao nitauvumilia. Ninalolikataa ni mhubiri asiyeweza kujibiwa. Skrini haiulizwi swali. Haiwezi kuona kwamba leo Mama fulani hakuja. Haiwezi kufuatwa jikoni baada ya ibada na kuambiwa, ndugu, lile neno ulilosema limenichoma, ulimkusudia nani? Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba wanapokutana kila mmoja huja na chake, huyu wimbo, huyu fundisho, na hata manabii wakinena, wenzao wapime. Ni nani atapima maneno ya mtu aliyerekodiwa siku ya Alhamisi?

Hili sikulisoma chuoni. Nimelelewa na bibi aliyekuwa mmoja wa ndugu wa Uamsho, ule mwamko wa Wakristo wa Afrika Mashariki wa kukiri dhambi mbele ya wenzao. Mnaijua habari hiyo, ila watoto wetu hawaijui, kwa hiyo nitaisema. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe pale Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Wakakaa pamoja juu ya Biblia. Kufikia miaka ya thelathini moto ulikuwa umewaka Gahini, ukavuka mpaka hadi kwetu Karagwe na Bukoba, ukaenda Kenya na Burundi. Kilichowashtua wakubwa hakikuwa kelele za nyimbo usiku. Ni kwamba mpishi alimwambia daktari dhambi yake, na daktari naye akamwomba mpishi msamaha mbele ya watu. Wenyewe waliita kutembea nuruni. Kule Mukono, Uganda, mwaka 1941, wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia, William Nagenda akiwa kati yao, walifukuzwa kwa sababu hawakukubali kunyamazishwa. Na hawakuanzisha dini yao. Wengi wa ndugu walibaki ndani ya makanisa yaliyowaona wakorofi. Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa ndugu wa Uamsho.

Bibi hakujua kusoma. Lakini ibadani siku moja alisimama akamwambia mwinjilisti wa mtaa, mbele ya wote, "Ndugu, sina amani na wewe." Pesa ya kahawa ya kanisa ilikuwa imeezeka nyumba ya mtu. Mwinjilisti alikaa kimya. Wiki iliyofuata akasimama mwenyewe, akaweka nuruni, akarudisha kidogo kidogo kwa misimu mitatu ya kahawa. Hakufukuzwa. Aliendelea na uinjilisti hadi uzee, na bibi alipokufa yeye ndiye aliyesema kaburini. Nikikumbuka hilo najiuliza: katika ile karatasi ya kurasa nne, bibi yangu angesimama wapi? Angetakiwa arekodiwe kwanza, dakika tatu, akaguliwe. Nani angempitisha?

Mtasema hayo ni ya Karagwe na kahawa zake, Marekani ni mahali pengine. Basi tuangalie Marekani yenyewe. Kanisa la Willow Creek, karibu na Chicago, lilianza mwaka 1975 baada ya mchungaji wake, Bill Hybels, na wenzake kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza watu kwa nini hawaendi kanisani, kisha wakatengeneza kanisa kwa kufuata majibu. Wakaondoa kila kinachomkera mgeni. Maelfu wakaja, na makanisa mengi ya nchi hii yakaiga, hadi kikombe cha kahawa. Mwaka 2007 wenyewe walitoa utafiti wao na kukiri kwamba mtu kushiriki shughuli nyingi za kanisa hakukuonyesha kwamba anakua katika kumpenda Mungu na jirani. Nawaheshimu kwa kukiri. Kisha ikaja 2018. Wanawake waliofanya kazi na Hybels wakamtuhumu kwa mwenendo mbaya, yeye akakana, wazee wa kanisa wakasimama upande wake. Aprili akaondoka. Agosti wazee wote wakatangaza kujiuzulu, wakaomba radhi kwa kutowaamini wale wanawake. Wazee wangu, someni hapo pole pole. Walikuwa wazee kama ninyi, wenye elimu kuliko sisi, na sikio lao lilikuwa limezoea sauti moja.

Na kanisa la Mars Hill la Seattle linatuhusu zaidi, kwa sababu lilikuwa na matawi ya skrini kama haya tunayoahidiwa: matawi 15 katika majimbo matano, watu wakimtazama mchungaji wao, Mark Driscoll, ukutani. Mwaka 2007 wachungaji wawili waliohoji mabadiliko ya katiba, yaliyokusanya madaraka kwa wachache, walifukuzwa. Miaka saba baadaye, Oktoba 2014, Driscoll alijiuzulu kwa lawama za ubabe, na kufikia Januari mosi 2015 kanisa lile halikuwepo tena. Kanisa lote! Matawi yakabaki kila moja na lake, mengine yakafungwa. Mzizi ulikuwa mtu mmoja, naye alikuwa kwenye skrini.

Lakini Wazungu wa Kentucky nao wametuonyesha jingine, na wengine wenu mlikuwepo. Februari 8, 2023, kule Wilmore, nusu saa kwa gari kutoka hapa, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Asbury walibaki kanisani baada ya ibada ya kawaida ya asubuhi. Hawakutoka. Siku kumi na sita. Mji wenye watu elfu sita ukapokea wageni wanaokadiriwa elfu hamsini. Nilikwenda usiku wa siku ya tisa, nikiwa na sare ya kazi, nikasimama kwenye foleni barabarani kwa saa tatu na baridi ile. Ndani hakukuwa na moshi. Skrini hazikuwashwa. Piano, gitaa, watoto wa miaka kumi na tisa wakikiri na kuombewa. Watu maarufu waliotaka jukwaa hawakupewa. Nilimwona mzee mmoja Mzungu akimshika mkono kijana asiyemjua na kumwambia jambo huku analia, nikasema moyoni, haya ni ya bibi yangu. Wamarekani wanayo wenyewe, chini ya rundo lote lile. Sasa kwa nini tupokee rundo?

Lipo na jingine la karibu, na hili ndilo lililonipa kichwa cha barua. Mwaka jana tuliwapeleka vijana Cane Ridge, upande wa mji wa Paris wa hapa hapa Kentucky. Kuna nyumba ya magogo ya mwaka 1791, leo imefunikwa na jengo la mawe ili isioze. Agosti 1801 maelfu ya watu walipiga kambi pale wakisikiliza Injili, Wapresbiteri, Wamethodisti na Wabaptisti wakichanganyika, wahubiri wakisimama hata juu ya magari ya farasi. Mwaka 1804 wachungaji sita walikutana pale wakaandika wosia wa baraza lao wenyewe, kwamba life, libaki jina la Mkristo tu. (Ningependa siku moja kuona kamati yoyote ya kwetu ikiandika wosia wa namna hiyo. Hata kamati ya chai haitaki kufa.) Lakini ndani ya nyumba ile ile kuna roshani. Ilikuwa ya watumwa. Walipanda kwa ngazi ya nje, wakaingia kwa juu, wakasikia Injili ile ile, nyimbo zile zile. Binti yangu aliuliza kwa nini ngazi haikuwa ndani. Hakuna mtu mzima aliyemjibu.

Nikiusoma ukurasa wa tatu naiona ngazi ile. Tutakuwa na viti vizuri kuliko vyao watu wale, tena tutapewa vifaa vya masikioni. Ila penye kuamua hatutakuwepo. Sisemi ndugu wa kanisa kubwa wana nia mbaya. Walitupatia makoti ya baridi tulipofika, na basi lao limetusaidia mara nyingi. Huenda hawajawahi kuwaza kwamba mkimbizi aliyeamuliwa kila kitu miaka yote ile, kuanzia mgao wa mahindi hadi siku ya ndege, anaweza kuthamini mahali pamoja ambapo yeye ndiye anayeamua.

Wala sisi si malaika. Ushuhuda wetu unavuka mipaka, nimewahi kusikia safari ya kutoka Uvira hadi Kigoma mara sita kutoka kwa mtu mmoja, na mara ya sita mtumbwi ulikuwa umekua. Hesabu za mhazini hazijasomwa tangu Pasaka. Akina mama ndio wenye funguo, vyungu na mabeseni, lakini wazee wote ni wanaume. Kutembea nuruni tunakuimba kuliko tunavyokufanya. Na huko nyumbani, Dar es Salaam hadi Nairobi, wapo watumishi wenye walinzi na misafara waliojifunza ubosi kwa runinga za Marekani na kuwapita walimu wao. Ugonjwa huu hauna rangi.

Hoja moja inaninyima usingizi, nayo ni watoto. Binti yangu ana miaka kumi na sita. Aliniambia, "Mama, kule naelewa." Kiswahili chake kinapungua kila mwaka, mahubiri yetu ya saa nzima yanampita juu ya kichwa. Akienda kwenye kanisa kubwa anakuta rafiki zake wa shule na maneno anayoyajua. Nikisema hapana, namfungia mlango gani? Sina jibu kamili. Ninachojua ni hiki: yule bibi wa Kizungu wa kanisa la asubuhi, anayebaki kila Jumapili kwenye ibada yetu ingawa haelewi hata neno moja, siku moja alimwomba binti yangu amtafsirie. Binti akakaa naye. Mzee wetu mmoja akawa anatoa ushuhuda wa mtoto wake aliyezikwa kambini. Binti akatafsiri sentensi mbili, ya tatu akashindwa, akalia, na yule bibi akalia. Tangu siku hiyo binti humsalimu mzee yule kwa mikono miwili. Alikuwa akimwona miaka saba. Kwenye mpango mpya wadogo zake wangekuwa chumba kingine, na stika yenye namba mgongoni.

Na sadaka. Mnajua wapo akina mama wasio na kadi ya benki. Leo wanaleta mayai, mandazi, mfuko wa sombe iliyogandishwa, tunapiga mnada nje, jogoo wa mwaka jana alinunuliwa mara nne akirudishwa kila mara. Yule mama aliyeleta jogoo alitembea wiki nzima kama mfadhili. Simu itamfanyia hivyo?

Ninachoomba si kikubwa. Ukurasa wa tatu utafsiriwe wote na usomwe kwa sauti Jumapili hii, kabla ya kura. Akina mama wapige kura. Hesabu zetu zisomwe siku hiyo hiyo, tuanze kwa kujiweka nuruni wenyewe. Waulizwe ndugu wa makao makuu mambo mawili, kwa upole: tukiwa tawi, tutaruhusiwa kusoma hesabu zenu? Na mhubiri wenu akikosea, nani kati yetu ana ruhusa ya kumwambia? Wakijibu vizuri, nitakuwa wa kwanza kubeba viti kuhamia. Na kuhusu paa, mnajua fundi aliyekuja Machi alitaja dola 14,000. Sisi hatujawahi kukaa meza moja na wale thelathini wa asubuhi kulizungumza. Wana jengo na hawana mikono. Sisi tuna mikono, na mafundi wawili waliojenga nusu ya nyumba za matofali pale Nyarugusu. Mimi nimeshazungumza na yule bibi. Amesema kamati yao inakutana Alhamisi na kwamba tunaweza kuja, ila wanaanza kwa wakati.

Baba Mchungaji, najua mshahara ule ungekutoa ghalani. Nimekuona ukisinzia wakati wa kwaya. Hilo nalo ni deni letu, na si haki ulilipie kwa kutokuwa tena na mimbari. Tuzungumze kila nyumba inaweza kutoa nini kwa mwezi. Kwangu andika dola sitini.

Jumapili natoka zamu saa moja asubuhi, nitalala kidogo, nitafika na sare. Wametabiri mvua. Beseni nimelihamishia nyuma ya piano, upande wa kushoto, kwa sababu tundu limesogea.

Dada yenu, muuguzi wa usiku,
wa benchi la tatu karibu na mlango